Mwanafunzi Wako ni Mmaya: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu, Kuanzia Fomu ya Usajili hadi Kikao na Wazazi

Mwanafunzi mpya ametoka Guatemala. Fomu yake inasema lugha ya nyumbani ni Kihispania, kwa hiyo amekalishwa karibu na mwenzake wa Honduras amtafsirie, na barua ya wazazi imetumwa kwa Kihispania. Mwezi unakatika. Hasemi kitu, kazi za nyumbani hazirudi, na tayari kuna anayenong'ona kwamba mtoto apimwe kwa ajili ya elimu maalumu. Mara nyingi kosa lilishafanyika siku ya kwanza kwenye kaunta ya usajili. Mtoto huyu ni msemaji wa Mam, au K'iche', au Q'anjob'al, lugha za Wamaya, wenyeji wa asili wa eneo hilo, na Kihispania chake ni cha dukani tu.

Mwongozo huu umeandikiwa walimu, wasaidizi wa walimu na wahudumu wa familia wanaosoma Kiswahili na kufanya kazi katika shule za Marekani. Huko ndiko Wamaya wengi wamehamia: Oakland na Los Angeles, Houston, Omaha, New Bedford, Indiantown ya Florida na miji midogo yenye viwanda vya kuku. Wengi wenu mmeyaona haya kwa watoto wa Kongo. Karani anaandika "Kifaransa" kwa sababu ndiyo lugha rasmi ya nchi, kumbe nyumbani watu wanaongea Kibembe au Kifuliru, na Kiswahili wakitoka nje. Hali ya Wamaya ni hiyohiyo, ila lugha ni nyingi zaidi na ukimya ni mzito zaidi.

Maelezo ya awali yanatosha machache. Lugha za Kimaya ni takriban 30, na 22 kati yake zinatambuliwa Guatemala. Nyingine ziko Chiapas na Rasi ya Yucatán nchini Meksiko, na Belize. Sensa ya Guatemala ya 2018 ilikuta asilimia 41.7 ya wananchi wanajitambulisha kuwa Wamaya. Lugha hizi ni ukoo mmoja, lakini msemaji wa Mam na msemaji wa K'iche' hawaelewani, na hakuna hata moja kati yake iliyo na undugu na Kihispania. Humu tumeyaacha majina ya lugha yalivyo, bila kiambishi cha ki-, ili uyanakili sawasawa kwenye fomu.

Hatua ya 1: Ijue lugha kwa jina lake, na mji wake

Hii ndiyo hatua inayobeba zote zilizobaki, kwa hiyo usiikimbize. Swali la "Nyumbani mnaongea lugha gani?" halitoshi. Mzazi aliyechekwa kwa ajili ya lugha yake tangu utotoni atajibu "español" kwa kujikinga. Mwingine atasema anaongea "dialecto", jina la kudharau ambalo amelizoea. Ukilisikia, usilirudie, wala usimsahihishe mbele ya watu. Lichukue kama dalili kwamba kuna lugha nyingine, kisha endelea kuuliza. Maswali haya ya Kihispania hufanya kazi vizuri kuliko lile la kwenye fomu:

¿De qué municipio y de qué aldea es su familia? (Familia yenu inatoka manispaa gani, kijiji gani?)

¿Qué idioma hablan los abuelos? (Babu na bibi wanaongea lugha gani?)

¿En qué idioma regaña usted al niño? (Ukimgombeza mtoto, unatumia lugha gani?) Mzazi hucheka, halafu hujibu kweli.

¿En qué idioma quiere que le llamemos por teléfono? (Tukikupigia simu, tutumie lugha gani?)

Jina la manispaa lina thamani kubwa, kwa sababu mara nyingi linakupa lugha hata kabla mzazi hajaitaja. Hii ni orodha ya kuanzia, pamoja na msimbo wa kimataifa wa herufi tatu wa kila lugha:

- Todos Santos Cuchumatán, Comitancillo: Mam (mam)
- Santa Eulalia, Soloma, Barillas: Q'anjob'al (kjb)
- San Miguel Acatán, San Rafael La Independencia: Akateko (knj)
- San Mateo Ixtatán, San Sebastián Coatán: Chuj (cac)
- Jacaltenango: Popti', ambayo kwenye karatasi za zamani huitwa Jacalteco (jac)
- Totonicapán, Momostenango, Chichicastenango, Joyabaj: K'iche' (quc)
- Nebaj, Chajul, Cotzal: Ixil (ixl)
- Tecpán, San Juan Comalapa: Kaqchikel (cak)
- Santiago Atitlán, San Pedro La Laguna: Tz'utujil (tzj)
- Cobán, San Pedro Carchá: Q'eqchi' (kek)
- Rabinal: Achi (acr)
- Jocotán: Ch'orti' (caa)
- Chamula na Zinacantán, Chiapas: Tsotsil (tzo)
- Tenejapa, Chiapas: Tseltal (tzh)
- Oxkutzcab, Yucatán: Maya ya Yucatán (yua)

Orodha hii ni ya kukupa swali la kufuata. Haikupi ruhusa ya kujaza fomu peke yako. Barillas ina wasemaji wa lugha zaidi ya moja, na mji wa Aguacatán una mbili zilizosongamana, Awakateko na Chalchiteko, ambazo wenyewe hawapendi kuchanganyiwa. Mfumo wa kompyuta wa wilaya ukikosa lugha husika, karani atachagua "Nyingine" au "myn". Usikubali "myn". Huo ni msimbo wa ukoo mzima, na kumtafutia mtoto mkalimani kwa msimbo huo ni kama kumtafutia Mmakonde mkalimani kwa kuandika "Kibantu". Omba wilaya iongeze lugha yenyewe, na hadi itakapofanya hivyo andika lugha na manispaa kwenye sehemu ya maelezo. Andika pia lugha ya pili, yaani Kihispania, na kiwango chake: anaelewa, anaongea, anasoma.

Jambo moja la kuangalia kwa macho mawili. Sheria za Marekani hazikuruhusu kuuliza hati za uhamiaji kama sharti la kumwandikisha mtoto. Msingi wake ni kesi ya Plyler v. Doe, ambamo Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1982 kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Ukianza maswali ya asili ya familia, mzazi anaweza kudhani ndiyo hayo. Mweleze kwanza kwamba unauliza ili umpate mkalimani, na kwamba majibu yanabaki shuleni.

Hatua ya 2: Jina, tarehe ya kuzaliwa, darasa

Mtoto wa Guatemala ana majina mawili ya ukoo, la baba kisha la mama. Kaskazini mwa mkoa wa Huehuetenango, kwa Waq'anjob'al, Waakateko na Wachuj, majina ya ukoo mara nyingi yanafanana na majina ya mtu binafsi. Chukua Pascual Andrés Mateo: Pascual ni jina lake, Andrés ni la upande wa baba, Mateo la upande wa mama. Karani asiyejua huandika Andrés kuwa jina la kati na Mateo kuwa la ukoo. Mwaka unaofuata mwingine anaandika tofauti, na mtoto anakuwa na mafaili mawili, moja likiwa na rekodi za chanjo na jingine likiwa na matokeo ya mtihani wa Kiingereza. Katika baadhi ya familia jina la kwanza la baba ndilo linalokuwa la ukoo kwa mwanawe, hivyo baba na mtoto hawafanani jina. Usiwashuku. Nakili majina yote jinsi yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa cha RENAP (ofisi ya usajili wa watu ya Guatemala), na chini yake andika mtoto anaitwaje nyumbani.

Tarehe kwenye cheti huanza na siku, kama kwetu. 03/07 ni tarehe 3 Julai, na karani wa Marekani ataisoma Machi 7.

Mwaka wa shule Guatemala huanza Januari na kuisha Oktoba. Mtoto aliyeondoka Juni yuko nusu ya darasa. Hajafeli na hajaacha shule. Primaria ni miaka 6, kisha básico miaka 3, kwa hiyo tercero básico ni sawa na darasa la 9 la Marekani. Uliza miaka mingapi alihudhuria kweli, na mwalimu alifundisha kwa lugha gani. Idara ya elimu ya lugha mbili, DIGEBI, ipo tangu 1995, lakini kuna vijiji ambako mwalimu alikuwa na Kihispania tu.

Kutamka jina vizuri ni kazi ya dakika tano. Msomaji wa Kiswahili ana nafuu, kwa sababu irabu a, e, i, o, u zinakaribiana sana na zetu. X husomwa "sh": Ixcoy ni Ishkoy, Xol ni Shol. J husomwa kama kh ya "Khamisi". Q ni k ya ndani kabisa, kama ile ya msomaji mzuri wa Kurani. Tz ni "ts". Alama ya ' baada ya konsonanti si pambo. Ni sauti kamili: unafunga koo, unaitoa konsonanti, kisha unaachia, na inatoka kwa mlio mkavu. Waliosikia Kiiraqw cha Mbulu au Kiamhari wanaifahamu. Katika lugha hizi k na k' zinatofautisha maneno kama l na r zinavyotofautisha "mahali" na "mahari", kwa hiyo usiiondoe kwenye maandishi ili tu kompyuta iridhike. Mkazo katika K'iche' huwekwa silabi ya mwisho, si ya pili kutoka mwisho kama kwetu.

Hatua ya 3: Mkalimani

Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kuwasiliana na wazazi kwa lugha wanayoielewa. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Kesi ya Lau v. Nichols ya 1974, iliyohusu wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, ilitilia mkazo kwamba kumweka mtoto darasani bila kumsaidia kuelewa lugha hakumpi elimu sawa. Kumtumia mwanafunzi mwenyewe, au dada yake mkubwa, kutafsiri kikao ni njia ya mkato yenye madhara. Mtoto hutafsiri anachoona salama kusemwa.

Mkalimani wa Mam kwenda Kiingereza moja kwa moja ni adimu. Utakayempata mara nyingi anatafsiri Mam kwenda Kihispania, na mwingine anatoa Kihispania kwenda Kiingereza. Panga hivi:

Kwanza, mpe mkalimani manispaa, usimpe lugha tu. Mam ya Todos Santos na Mam ya Comitancillo zimeachana kiasi cha kukwamisha mazungumzo.

Pili, kabla ya siku ya kikao, waunganishe mzazi na mkalimani kwa simu kwa dakika tano, waongee mambo ya kawaida. Baadaye muulize kila mmoja peke yake kama walielewana. Ukiuliza wakiwa pamoja, wote watasema ndiyo kwa adabu.

Tatu, muda. Kikao cha nusu saa kipe saa moja na nusu. Sema sentensi moja, nyamaza. Mtumie mkalimani siku moja kabla maneno magumu kama kumi hivi, kila moja na maelezo ya kawaida. "Tathmini" haina neno moja tayari katika Ixil. "Tutamuuliza maswali na kumpa michezo ili tuone anajifunzaje" inatafsirika.

Nne, muulize mzazi kama yuko tayari kutafsiriwa na mtu wa mji wake. Jamii ni ndogo, siri hutembea. Kuna sababu nyingine isiyosemwa. Wakati wa vita vya ndani vya Guatemala, 1960 hadi 1996, jeshi liliwalazimisha wanaume wa vijijini kuingia kwenye doria za kiraia, na majirani wakajikuta pande tofauti. Tume ya ukweli iliyotoa ripoti mwaka 1999 ilikadiria kwamba watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kupotea, na asilimia 83 ya waathirika waliotambuliwa walikuwa Wamaya. Babu wa mwanafunzi wako na mjomba wa mkalimani wanaweza kuwa na historia usiyoijua.

Halafu kuna kosa la nia njema: kutafsiri barua kwa maandishi ya Mam. Alfabeti ya pamoja ya lugha za Kimaya ilikubaliwa kisheria Guatemala mwaka 1987, lakini wazazi wengi hawakufundishwa kusoma lugha yao. Barua itakaa mfukoni. Mwombe mkalimani arekodi ujumbe wa sauti wa dakika moja hivi, uutume kwa WhatsApp. Anza na tarehe na saa, kisha jambo, kisha urudie tarehe na saa. Mzazi atausikiliza tena, na atawasikilizisha wa nyumbani. Kwa kutafuta wakalimani, anzia kwenye mashirika ya Wamaya wenyewe, kama Comunidad Maya Pixan Ixim ya Omaha au International Mayan League.

Hatua ya 4: Wiki za kwanza darasani

Msalimie kwa lugha yake. Maneno mawili yanatosha, mradi ni ya lugha yake kweli. K'iche': saqirik (asubuhi), maltyox (asante). Asante ya nyingine ni hii. Kaqchikel: matyox. Mam: chjonte. Q'eqchi': b'antiox. Maya ya Yucatán: dyos bo'otik. Mzazi wa Kik'iche' mwite tat akiwa mwanamume na nan akiwa mwanamke, kama unavyosema mzee na mama. Usimlazimishe mtoto afundishe darasa zima lugha yake siku ya pili. Wapo wanaoficha, hasa vijana wakubwa walio kati ya wenzao wasemao Kihispania, ambao huwaita "indio" kwenye korido. Hilo ni tusi la ubaguzi na lishughulikiwe kama tusi lingine lolote la rangi, hata kama aliyelitoa na aliyetukanwa wameandikwa kundi moja la "Latino" kwenye takwimu za shule.

Macho chini ni heshima. Mtoto aliyelelewa kutomkodolea mzee macho hawezi kubadilika kwa sababu mwalimu amesema "niangalie ninapoongea". Ukimya nao una maana mbili au tatu kwa wakati mmoja: hajaelewa, ameelewa lakini hajawa tayari, au anaona si adabu kujitokeza. Utazitenganisha kwa kumpa kazi ya mikono. Akiifanya sawa, alielewa.

Hapa kuna jambo ambalo walimu wengi hulikosa. Mwanasaikolojia Barbara Rogoff amefanya utafiti kwa miongo kadhaa San Pedro La Laguna, mji wa Watz'utujil kando ya Ziwa Atitlán. Katika jaribio moja, mtoto alionyeshwa jinsi ya kutengeneza kichezeo huku nduguye akisubiri zamu ya kichezeo kingine. Watoto wa familia za Kimaya zinazofuata maisha ya kimapokeo walimfuatilia ndugu yao kwa makini kuliko watoto wa Kizungu wa Marekani, na baadaye walihitaji msaada mdogo zaidi kukitengeneza kile ambacho hawakufundishwa. Wamezoea kuwepo watu wazima wanapofanya kazi, kutazama, kisha kuingia.

Kwa hiyo panga somo hivi. Onyesha kazi nzima kutoka mwanzo hadi mwisho bila maneno mengi. Irudie pamoja na mwanafunzi mwingine huku yeye akitazama. Mpe sehemu halisi ya kazi hiyo kwenye kundi la watu watatu au wanne. Maswali ya mdomo yaje mwisho. Mwalimu anayeanza na "nani atajaribu mbele ya wenzake?" anampima ujasiri, na ujasiri haukuwa sehemu ya somo. Akisogea kuangalia daftari la mwenzake, usikimbilie kuita wizi. Mweleze mapema, kwa mkalimani, lini mnasaidiana na lini kila mtu peke yake. Ni kanuni ya shule, naye anaweza kuijifunza kama kanuni.

Hatua ya 5: Kiingereza, na pale atakapokwama

Mwalimu anayejua Kiswahili ana faida kubwa hapa. Tazama K'iche': xinwa'ik ni "nilikula", kinwa'ik ni "ninakula". Mwanzoni x- inaonyesha jambo lililokwisha na k- linaloendelea, -in- ni mimi, wa' ni kula. Ni kitenzi cha kujenga kwa viambishi vya mbele kama chetu, ila kwao alama ya wakati hutangulia nafsi. Mtu aliyezoea kusikia wakati mwanzoni mwa neno haangalii mkia wa kitenzi cha Kiingereza, na -ed inapotea. Dawa ni kuifanya isikike na ionekane. Ipake rangi, isome kwa mkazo, linganisha sentensi mbili zinazofanana kila kitu isipokuwa hiyo.

Makosa mengine yenye chanzo kinachojulikana:

- Kuacha kitenzi cha "kuwa" na kusema "yeye mwalimu". Lugha za Kimaya hazihitaji kitenzi hicho.
- Kuchanganya "yeye" wa kiume na wa kike. K'iche' ina are' tu, kama "yeye" yetu. Lakini usiyajumlishe haya: Q'anjob'al ina vibainishi vinavyomtenga mwanamume, naq, na mwanamke, ix.
- "Vitabu viwili" bila alama ya wingi. Katika K'iche' alama ya wingi ni ya watu hasa, na namba ikishatajwa kitu hakihitaji zaidi.
- Sauti f, v, d, g na th. K'iche' haina hizo kwa asili, kwa hiyo f inaweza kutoka p au kh. Kwa upande mwingine "sh", "ch" na "ts" atazitamka bila shida, hata pale mwenzake wa Kihispania anapohangaika na "sh". Anza mazoezi ya kusoma na sauti hizi, aonje kufaulu.

Usitumie kamusi ya Kihispania na Kiingereza kama msaada wa moja kwa moja kabla ya kupima Kihispania chake. Mpe picha kumi za vitu vya nyumbani na shuleni, avitaje kwa Kihispania. Akikwama kwenye vingi, kamusi hiyo ni lugha ngeni juu ya lugha ngeni. Tumia picha, vitu halisi na vitendo.

Hatua ya 6: Hesabu

Lugha za Kimaya huhesabu kwa ishirini. Katika K'iche' 20 ni juwinaq, "mtu mmoja", vidole vya mikono na miguu. Maandishi ya kale ya namba yana alama tatu tu: nukta ni 1, mstari ni 5, kombe ni sifuri. Kumi na tatu ni mistari miwili na nukta tatu juu yake. Kuanzia 20 unapanda ghorofa: 47 ni nukta mbili juu (ishirini mbili) na chini yake mstari mmoja wenye nukta mbili (saba). Ghorofa ya tatu ni 400, ya nne ni 8,000. Kwa darasa la 4 hadi la 6 hili ni somo zuri sana la thamani ya nafasi kwa wanafunzi wote. Usidhani tu kwamba mwanafunzi wako analijua. Huenda alikutana na alama hizo shuleni, huenda hakukutana nazo kabisa. Jiandae kulifundisha mwenyewe.

Kugawanya kwa njia ndefu ni eneo la ugomvi usio na sababu. Shule nyingi za Amerika ya Kilatini hufundisha hatua ya kutoa ifanyike kichwani bila kuandikwa. Mwalimu wa Marekani akiona jibu bila hatua huandika "onyesha kazi" na kukata alama. Mruhusu atumie njia yake, kisha mfundishe jinsi mtihani unavyotaka iandikwe.

Hatua ya 7: Historia, mavazi, chakula

Somo la "Wamaya wa kale waliotoweka" likifundishwa mbele ya Mmaya aliyeketi dawati la tatu ni aibu kwa shule. Sema sawasawa. Miji mingi ya nyanda za chini, Tikal ikiwemo, iliachwa kuanzia karne ya 9. Watu hawakwisha. Ufalme wa mwisho wa Kimaya uliokuwa huru, Nojpetén, uliangushwa na Wahispania mwaka 1697, na leo wasemaji wa lugha hizi ni mamilioni. Kalenda ya siku 260, Cholq'ij, yenye majina 20 ya siku yanayozunguka na namba 13, bado inahesabiwa na wataalamu wanaoitwa ajq'ij. Lakini usimwombe mtoto aeleze ibada hizo. Familia nyingi ni za Kikatoliki au Kiinjili, na zipo za Kiinjili ambazo hazitaki kuhusishwa nazo.

Blauzi ya kufumwa, huipil, na sketi yake, corte, ni nguo za mtu. Mapambo yake mara nyingi yanataja mji. Msichana akizivaa shuleni, kanuni za sare zisimguse. Akizikataa siku ya tamasha la tamaduni, msimshurutishe.

Kwa somo la sayansi tumia mahindi. Kilo 1 ya mahindi makavu, lita 3 za maji, gramu 10 za chokaa ya chakula (isiwe ya ujenzi). Chemsha dakika 30 hadi 45, acha usiku kucha, osha vizuri, maganda yatatoka mkononi. Pima maji kwa karatasi ya litmasi kabla ya kuweka chokaa na baada yake. Chokaa inafungua vitamini B3 iliyofungwa ndani ya punje, na ndiyo maana waliokula mahindi kwa njia hii waliepuka ugonjwa wa pellagra ulioshambulia maskini wa Ulaya na kusini mwa Marekani waliochukua mahindi bila ujuzi wake. Maji ya chokaa yanauma ngozi, kwa hiyo mwalimu ndiye amwage.

Insha ya "safari yangu ya kuja Marekani" usiitoe. Ndani yake kuna madeni, mipaka, pengine vifo. Mwambie achore soko la mji wake, au aeleze jinsi ya kupanda mahindi na maharage shamba moja.

Hatua ya 8: Kabla ya kutaja elimu maalumu

Sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu inataka mtoto apimwe kwa lugha yake ya asili, inapowezekana. Kipimo cha Kihispania kwa msemaji wa Chuj hakipimi akili yake. Fuata mpangilio huu: macho na masikio kwanza, kisha miaka halisi ya shule, kisha mahojiano na mzazi kupitia mkalimani wa lugha husika. Muulize kama mtoto huyu alichelewa kutembea au kuongea kuliko ndugu zake, na kama akitumwa dukani vitu vitatu huleta vyote. Mlinganishe na watoto wenye lugha hiyohiyo na miaka ileile ya shule. Mzazi akisema "huyu tangu mdogo ni tofauti na wenzake", lichukue kwa uzito na usingoje Kiingereza kikomae. Kuchelewesha msaada kwa kisingizio cha lugha ni kosa la upande wa pili.

Hatua ya 9: Nyumba, kazi, mahakama

Mlezi anaweza kuwa kaka wa miaka 23 au mjomba. Uliza nani anatia saini na nani anapokea simu, si lazima wawe mtu mmoja. Vijana wa sekondari waliokuja peke yao mara nyingi wanadaiwa pesa ya safari, na wengine hufanya kazi usiku. Anayelala kipindi cha kwanza, mshauri wa shule amuulize saa zake za kazi kabla ya adhabu. Hamisha somo gumu kwenye saa anayokuwa macho, na kama ana umri chini ya unaoruhusiwa kisheria kwa kazi hiyo, mshauri afuate utaratibu wa wilaya wa ulinzi wa mtoto.

Siku za mahakama ya uhamiaji ziandikwe mapema kwenye kalenda kama ruhusa, na mitihani isiwekwe siku hizo. Weka pia Novemba 1, sikukuu ya watakatifu wote, na sikukuu ya mji wa familia, kama Februari 12 kwa watu wa Santa Eulalia.

Kikao cha wazazi kiwe baada ya zamu ya kiwanda kuisha. Uliza ni saa ngapi, maana viwanda vya kuku vina zamu za usiku. Anza kwa salamu na hali za wote wa nyumbani kabla ya alama za mtihani. Mzazi akikubali kila unachosema, hajakubali bado. Mpe siku mbili, mpigie tena na mkalimani yuleyule, umuulize nini kinamtia wasiwasi.